Uso wa mtoto haukukosea: namna ya kupata foto yenye rangi ya kweli



Juma hili tunawaletea jambo lililoanzia masomoni kwetu, hapa Lubumbashi. Ni jambo la foto. Mtu anaweza kusema: wamama wana shida za unga, makala na minervali, foto ni ya nini? Tunawaomba mtusome mpaka mwisho, kisha muamue wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka wa masomo, sisi walimu wa darasa la sita tuliita mpiga foto. Ni desturi. Watoto wanamaliza masomo ya msingi, wanatawanyika, na kila mzazi anataka ukumbusho. Walivaa mashati meupe, wakapangwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, saa sita mchana, jua la kiangazi likiwa juu ya vichwa. Wazazi walilipa. Baada ya juma moja foto zikaja.

Watoto wa maji ya kunde walionekana vizuri. Wale weusi zaidi walionekana meno, macho na kola ya shati. Kati yao alikuwamo msichana wa miaka 12, wa mbele darasani kwa hesabu. Wenzake walicheka. Mmoja akasema, "Angalieni, shati imesimama yenyewe." Msichana akacheka pamoja nao, na sisi tukadhani yameisha.

Siku ya posho mama yake alikuja kututafuta nyumbani. Alikuwa na foto ndani ya daftari.

"Madamu," akasema, "mtoto ameikata kwa wembe. Ametoa kichwa chake, ameacha wengine. Na jana nimemkuta na kikopo cha dada yake mkubwa, dawa ile ya kujigeuza rangi. Nimemwuliza sababu. Ameniambia: mama, mimi ni mweusi mpaka kamera imeshindwa."

Tuliona haya. Foto ile tuliipokea sisi, tukaigawa sisi, na hakuna kati yetu aliyesema neno. Tulidhani ndivyo foto zilivyo. Tulimwahidi mama yule kwamba tutatafuta sababu, kisha tutakuja kumwambia mtoto wake kwa kinywa chetu. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kadi ya Shirley

Foto za rangi kwa miaka mingi zilitawaliwa na kampuni moja, Kodak, ya mji wa Rochester huko Marekani. Filamu yake iitwayo Kodachrome ilitoka mwaka 1935. Siku zile mtu alinunua filamu, akapiga, akairudisha Kodak isafishwe. Bei ya kusafisha ilikuwa imekwisha kuingizwa katika bei ya filamu. Mwaka 1954 serikali ya Marekani ilikataza mpango huo, ili maduka mengine nayo yapate kazi ya kusafisha. Hapo Kodak ikaanza kuwauzia wenye maduka mashine za kutoa foto.

Lakini mashine mia moja katika maduka mia moja hazitoi rangi moja. Hii inatoa wekundu, ile inatoa ubuluu. Ilihitajika kipimo, kama vile sokoni tunavyohitaji kopo moja la kupimia unga, la sivyo kila muuzaji ana kopo lake. Basi Kodak ikawatumia mafundi kadi ya kupimia. Kwenye kadi ilikuwa foto ya mwanamke mzungu, amevaa vizuri, na pembeni yake rangi kali kali. Fundi alitoa foto ya mwanamke yule kwa mashine yake, akailinganisha na kadi. Ngozi ya mwanamke ikifanana, mashine iko sawa. Isipofanana, anarekebisha mpaka ifanane.

Mwanamke wa kwanza kwenye kadi alikuwa mfanyakazi wa Kodak, jina lake Shirley. Baadaye walifuata wengine, nao weupe, lakini mafundi waliendelea kuiita kadi jina lile lile: Shirley. Kwenye kadi hizo liliandikwa neno la kumaanisha "kawaida".

Wamama, tulizame neno hilo kidogo. Mashine duniani kote ziliwekwa sawa kwa ngozi moja, na ngozi hiyo ikaitwa kawaida. Sisi wengine tuliingia katika mashine iliyokwisha kupimwa kwa mtu mwingine. Ni kama kushonewa nguo na fundi ambaye hajakupima, amempima jirani yako. Nguo ikikubana, hutasema mwili wako una kosa.

Filamu zenyewe pia zilikuwa na mipaka. Hazikuweza kushika pamoja mwanga mkali sana na kivuli kizito. Mtoto mweupe na mtoto mweusi wakikaa bega kwa bega katika foto ya darasa, mpiga foto alipima mwanga kwa yule mweupe, na mwenzake akapotea: yakabaki macho na meno. Mtafiti Lorna Roth, wa chuo kikuu cha Concordia huko Montreal, Kanada, alichunguza habari hii kwa miaka, akaandika juu yake mwaka 2009. Anaeleza kwamba wazazi weusi wa Marekani waliilalamikia foto za masomo za watoto wao. Mnasikia? Mama yule aliyekuja kwetu na daftari lake siye wa kwanza.

Na ni nani aliyesikilizwa mwishowe? Roth anaeleza kwamba kilichoisukuma Kodak katika miaka ya 1960 na 1970 ni malalamiko ya wauza chokoleti na wauza meza na viti. Chokoleti nyeusi na chokoleti ya maziwa zilitoka sawa katika matangazo, na mbao nyeusi hazikutofautika na mbao nyingine. Filamu zikaanza kurekebishwa. Filamu mpya ilisifiwa kwamba inaweza kupiga farasi mweusi katika mwanga hafifu. Miaka ya 1990 Kodak ilitoa kadi yenye wanawake watatu, mweupe, mweusi na wa Asia. Ilichukua miaka 40 hivi.

Msifikiri ni habari ya zamani tu. Mwaka 2018 dada mmoja mwenye asili ya Ghana, Joy Buolamwini, pamoja na Timnit Gebru aliyezaliwa Ethiopia, walipima programu za kompyuta zinazotazama uso na kusema kama ni wa mwanamume au wa mwanamke. Kwa wanaume weupe, kosa halikupita asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi, programu moja ilikosea mpaka asilimia 34.7. Programu zile zilikuwa zimefundishwa zaidi kwa nyuso nyeupe, na mwanafunzi hujua kile alichofundishwa. Sisi walimu tunalijua hilo vizuri.

Tangu hapo kampuni zimeanza kubadilika. Google ilitoa telefone mwaka 2021 ikisema imeboresha foto za watu weusi, na mwaka 2022 ikatangaza kipimo chenye ngozi za namna 10, kilichotengenezwa na mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard, Ellis Monk. Ni jambo jema. Lakini telefone nyingi tulizo nazo mikononi hapa kwetu ni za zamani au za bei ya chini, na mpiga foto wa avenyu yetu hawezi kungoja Marekani.

Ilikuwa inawezekana siku zote

Kuna mtu atasema: basi, mashine ni ya wazungu, tutafanya nini? Hapana. Mjini Bamako, Mali, alikuwapo mpiga foto Seydou Keïta. Alifungua studio yake mwaka 1948. Alipiga watu wa mji wake, wamama wenye vilemba na mapambo, vijana na baiskeli zao, mara nyingi uani kwa mwanga wa mchana, nyuma yao kitambaa kimetundikwa. Foto zake ni nyeusi na nyeupe. Ukizitazama leo, unaona kila uso: shavu, paji, kidole, hata alama za usoni. Alikuwa na kamera kutoka ng'ambo kama wengine. Alichozidi ni kwamba aliupima mwanga kwa mtu aliyekaa mbele yake.

Hilo ndilo neno tunalotaka mlishike. Mashine inafuata kipimo. Ukibadilisha kipimo, uso unatokea.

Kamera inafikiri namna gani

Tulirudi kwa mpiga foto wetu, kijana mwenye studio ndogo karibu na soko. Tulikuwa na hasira kidogo, lakini yeye hakukataa. Alitukalisha mbele ya kompyuta yake, akatuonyesha.

Kamera, alisema, haijui kama inatazama mtoto au ukuta. Inakusanya mwanga wote mbele yake na kujaribu kuufanya uwe wa katikati, kama rangi ya majivu. Mafundi wanaipima rangi hiyo: ni kitu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Sasa weka watoto wenye mashati meupe mbele ya ukuta mweupe saa sita mchana. Kamera inaona weupe mwingi, inasema mwanga umezidi, inapunguza. Ukuta unakuwa wa majivu, mashati yanakuwa ya majivu, na uso mweusi unashuka mpaka kuwa giza. Watoto wetu walimezwa na ukuta.

Na kinyume chake ni kweli. Mbele ya ukuta mweusi au chini ya kivuli kizito, kamera inaongeza mwanga, na mtoto wa maji ya kunde anakuwa kama amepakwa unga.

Jua la saa sita nalo lilichangia. Linatoka juu, linaweka kivuli chini ya nyusi na chini ya pua. Ngozi nyeusi inang'aa kwa namna yake, kama kikombe cha udongo kilichosuguliwa vizuri. Inataka mwanga laini unaotoka upande, ili ung'avu huo uonekane na kuchora umbo la uso.

Bache la buluu

Jambo la pili ni rangi ya mwanga wenyewe. Hapa hatuhitaji fundi wa kutufundisha. Kila mama anayenunua kikwembe sokoni anajua: chini ya bache la buluu, nguo zote zina ubuluu. Kwa hiyo anamwambia muuzaji, "Ngoja nikitoe nje." Anakivuta mpaka juani, anakigeuza, ndipo anaijua rangi. Mama huyo amefanya kazi ile ile ambayo wapiga foto wakubwa wanaifanya kwa vyombo vya bei kali.

Macho yetu yana akili. Baada ya muda yanasahau ubuluu wa bache. Kamera haisahau. Mwanga wa balbu ya zamani au wa mshumaa ni wa manjano. Mwanga wa mchana wa jua uko katikati. Kivulini, ambapo mwanga unatoka angani tu, kuna ubuluu. Balbu nyingi za bei rahisi zinaleta ukijani juu ya uso, na mtoto anaonekana mgonjwa. Ukichanganya mawili, balbu upande huu na dirisha upande ule, shavu moja linakuwa la manjano na jingine la buluu, na hakuna fundi atakayerekebisha yote mawili kwa mara moja.

Wamama wanaouza vikwembe kwa WhatsApp, hili ni lenu pia. Mteja wa Likasi akiona kikwembe cha rangi ya divai kwenye telefone, kisha akapokea cha rangi ya damu, atasema umemdanganya. Hujamdanganya, ulikipiga chini ya balbu. Kipige nje, kivulini, saa mbili au saa tatu asubuhi, na pembeni yake weka karatasi nyeupe ya daftari. Karatasi ikionekana nyeupe kwenye foto, basi na kikwembe kinasema kweli. Ikionekana ya manjano au ya buluu, piga tena mahali pengine.

Mashine tatu, lugha tatu

Jambo la tatu ndilo lililotushangaza zaidi. Kamera, ekrani na mashine ya kutoa foto ni watu watatu wenye lugha tatu. Ekrani inatengeneza rangi kwa kuwasha taa ndogo nyekundu, za kijani na za buluu. Mashine ya kutoa foto haina taa. Ina wino, na karatasi inatumia mwanga wa chumba chako. Neno "nyekundu" kwa ekrani silo lile lile kwa wino.

Nchi yetu ina Kiswahili, Lingala, Chiluba na Kikongo. Mtu wa Boma na mtu wa Kasenga wakitaka kuelewana, wanahitaji mkalimani. Mwaka 1993 kampuni kubwa za kompyuta na za foto zilikubaliana kuwa na mkalimani wa namna hiyo: karatasi ndogo ya maelezo, isiyoonekana, inayosafiri pamoja na foto na kusema, "nyekundu yangu mimi ni hii." Wapiga foto wanaiita profaili. Na kuna kifaa kidogo kinachobandikwa juu ya ekrani ili kuipima na kuisawazisha, kwa sababu ekrani huchakaa na rangi zake hugeuka.

Kijana wetu hakuwa na kifaa hicho. Ekrani yake ilikuwa na mwanga uliowekwa juu kabisa, kwa sababu mlango wa studio unatazama barabara yenye jua. Kwa ekrani kali namna ile, kila foto inaonekana ina mwanga wa kutosha. Anaituma kwenye karatasi, na karatasi inatoka giza. Juu ya hayo, mashine yake ya kutoa foto ilikuwa imewekwa ijirekebishe yenyewe, nayo kwa kuona ukuta mweupe iliongeza giza mara ya pili.

Alipunguza mwanga wa ekrani. Alifunga pazia. Akafungua foto ya darasa letu, akaugusa uso wa msichana, akaongeza mwanga hapo kidogo kidogo. Na uso ukatokea. Ulikuwamo siku zote. Kulikuwa na paji, na nyusi, na kovu dogo karibu na sikio, na tabasamu la mtoto aliyemaliza darasa la sita.

Kisha alifanya kitu ambacho tunakisifu. Alichukua nyuso za watoto watatu wa darasa lile: mmoja mweusi, mmoja wa katikati, mmoja wa maji ya kunde. Akazitoa kwenye karatasi moja ndogo, akatoka nayo nje kivulini, akatwambia tusimame karibu na watoto wenyewe tulinganishe. Mara ya kwanza ilikuwa na wekundu mwingi. Mara ya pili ilikuwa karibu. Mara ya tatu tulikubali. Karatasi ile sasa imebandikwa karibu na mashine yake, na kila asubuhi anaanza kazi nayo. Hiyo ndiyo kadi yetu. Haina Shirley, ina watoto wa Lubumbashi.

Foto ambayo haikurudi

Tulimpelekea mama foto mpya. Tulikaa na msichana, tukamweleza habari ya kadi na ukuta mweupe, kama tulivyowaeleza ninyi. Alisikiliza kimya, kisha akauliza swali la mtu wa hesabu: "Kwa hiyo kosa lilikuwa la kipimo?" Tukamjibu ndiyo, la kipimo.

Ndipo mama akaingia chumbani, akatoka na foto nyingine. Ilikuwa ya zamani, ya arusi, kona zake zimekunjika. "Na hii, Madamu? Mtaweza?" Katikati alisimama bibi arusi mwenye gauni jeupe, na nyuma yake mwanamke mwenye kilemba cha manjano. Chini ya kilemba palikuwa na meno tu. "Huyu ni mama yangu," akasema. "Amekufa nikiwa na miaka 6. Sina foto nyingine."

Tuliipeleka kwa kijana. Aliipitisha kwenye mashine ya kunakili, akaikuza, akaongeza mwanga. Giza likawa la majivu, na ndani ya majivu hapakuwa na kitu. Alituelezea: foto ya sasa, kama giza halikuzidi, bado ina habari chini yake. Ile ya karatasi ina kile tu kilichoandikwa siku ile. Siku ile mwanga ulipimwa kwa gauni jeupe.

Tulirudi kumwambia mama. Alisema, "Si kitu," akairudisha foto mahali pake. Lakini kitu kilikuwapo, na kwa ajili yake tumeandika haya yote. Kadi za mbali na uzembe wa karibu viliwaondolea watoto wengi uso wa mama yao. Wa kwetu tusiwaondolee.

Mambo ya kufanya

Kwa foto ya nyumbani na telefone:

1. Mweke mtu karibu na mlango ulio wazi au dirisha, au nje chini ya mwembe. Mwanga umtoke upande. Epuka saa sita mchana. Asubuhi na saa kumi jioni ni bora.

2. Nyuma yake pasiwe na ukuta mweupe, anga tupu au dirisha lenye jua. Kikwembe cha rangi iliyotulia kikitundikwa nyuma kinatosha.

3. Kabla ya kubonyeza, gusa uso wake kwenye ekrani. Kwa telefone nyingi, hapo kamera inapima mwanga kwa uso. Kama kinatokea kijua kidogo au mstari pembeni, kisukume juu mpaka shavu lionekane.

4. Katika foto ya kikundi, gusa uso wa aliye mweusi zaidi, kisha angalia kama aliye mweupe zaidi hajaungua. Tafuta katikati yao. Mpange mweusi zaidi upande mwanga unakotoka.

5. Zima ile sehemu ya kurembesha. Telefone nyingi zinakuja ikiwa imewashwa. Inalainisha ngozi na kuitia weupe. Foto ya kwanza ilimnyima mtoto wetu uso, na hii inampa uso wa mtu mwingine. Zote mbili zinamfundisha somo baya.

6. Futa kioo kidogo cha kamera kwa kitambaa safi. Mafuta ya vidole yanaleta ukungu.

Kwa foto ya studio:

1. Mwambie fundi kabla ya kulipa: "Pima mwanga kwa uso." Ni haki yako, kama unavyomwambia mshonaji mikono ifike wapi.

2. Kwa kazi kubwa, arusi, ubatizo au foto za darasa, omba kwanza karatasi moja ya majaribio. Itazame nje kivulini, si chini ya balbu, na mtu mwenyewe akiwa pale.

3. Kama unatuma foto kwa WhatsApp ili itolewe, chagua kuituma kama hati. Ikitumwa kama foto inapunguzwa, na habari ya gizani inapotea kwanza.

4. Foto ya karatasi usiitundike penye jua, rangi zinakufa. Iweke pakavu, na nakala yake ihifadhiwe mahali pa pili, maana telefone huibiwa na kuanguka majini.

Na juu ya kikopo kile

Hatuwezi kumaliza bila kukitaja. Dawa nyingi za kujigeuza rangi zina idrokinoni, na nyingine zina zebaki. Zinaharibu ngozi, na zebaki inaharibu figo. Msichana akianza, tunamgombeza. Tunasahau kumwuliza ni wapi alipojiona mbaya. Pengine ni kwenye kicheko cha wenzake, pengine kwenye neno letu wenyewe tunaposema "yule mweusi" kwa dharau. Pengine ni kwenye foto tuliyoilipia sisi. Mama yule alifanya vizuri: aliuliza sababu kwanza, na alipoijua, alikuja kudai.

Mwaka huu, foto za darasa la sita zitapigwa saa tatu asubuhi, chini ya mwembe, na nyuma ya watoto tutatundika kikwembe cha kijani kutoka kwa mama mmoja wa kamati ya wazazi. Msichana wetu sasa yuko sekondari. Ametwambia atakuja kushika karatasi nyeupe.

Tunawaachia kazi ya juma hili, kila kikundi. Mkutano ukiisha, mchukueni mama mzee kuliko wote, mkalisheni karibu na mlango, gusa uso wake kwenye ekrani, mpigeni. Mwonyesheni. Akisema "ndiyo, ni mimi," kazi imefaulu. Kisha kila mmoja aende nyumbani afanye hivyo kwa mama yake, akiwa bado anaye.

Tusalimianeni mpaka juma lijalo.